Durga, Kali au Pratyangira? Kuchagua sanamu ya bronzi ya mungu wa kike mkali

Wengi wanaotafuta sanamu ya bronzi ya mungu wa kike mkali wa Kihindi huanza na bei, wakaja kwenye urefu, na mwishoni ndipo huuliza jina. Mimi ningeanza na jina. Durga, Kali, Chamunda na Pratyangira kila mmoja ana hadithi yake na mkao wake, na kwa mnunuzi kuna jambo kubwa zaidi: kila mmoja ana mafundi wanaomjua na mafundi wanaombahatisha. Kali wa Bengali, mashariki mwa India, anaposubiwa na fundi wa Kitamil wa kusini, au Durga wa Kitamil anaponakiliwa kiwandani kaskazini mwa India, viungo vyote vinaweza kuwa mahali pake na sanamu bado ikawa haina nguvu. Kwa hiyo nawalinganisha miungu hawa pamoja na karakana wanakotoka.

Hadithi kwanza, kwa ufupi, maana usipoijua huwezi kusema fundi amepatia au amekosea. Chimbuko kuu ni Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskriti wa karne ya 5 au 6 hivi, ambao kwa mapokeo huhesabiwa beti 700. Zimwi Mahisha, mwenye umbo la nyati, amewashinda miungu wote wa kiume. Hasira yao inawatoka kama mwanga, mwanga unakusanyika ukawa mwanamke, na kila mmoja anamkabidhi silaha: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu lenye makali, Varuna kombe la kupuliza, Vayu upinde, Indra radi. Mlima Himalaya unampa simba wa kupanda. Huyo ndiye Durga. Katika vita vinavyofuata ndani ya utenzi huohuo, paji la uso la mungu huyo linakunjamana na kuwa jeusi kwa ghadhabu, na humo anachomoza Kali: amekonda, kinywa wazi, ulimi nje. Anawaua mazimwi Chanda na Munda, ndipo akapata jina la Chamunda. Kisha anainywa damu ya Raktabija, zimwi ambalo kila tone la damu yake likigusa ardhi huzaa Raktabija mwingine.

Ukishaijua hadithi hiyo, unajua pia uso wa kutafuta. Durga ameundwa kwa hasira za wengine, naye anaifanya kazi aliyotumwa. Uso wake unatakiwa utulie. Kali ndiye hasira yenyewe, na uso wake ukitulia kupita kiasi fundi amekosea.

Durga aliyesimama na Durga wa vitani

Durga wa bronzi yuko wa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Wa kwanza ni wa Kitamil. Enzi za wafalme wa Chola, kati ya karne ya 9 na ya 13, kusini mwa India kulisubiwa sanamu za shaba ambazo mpaka leo ndizo kipimo cha kazi hiyo. Durga wa huko husimama wima, miguu sambamba, juu ya kichwa cha nyati kilichokatwa. Vita vimekwisha. Mikono ya juu imeshika gurudumu na kombe, silaha za Vishnu, kwa kuwa huko huhesabiwa kuwa dada yake. Mkono mmoja wa chini umeinuliwa, kiganja mbele, kuwaambia waja wasiogope, na mwingine umetua kiunoni. Hana meno ya kutisha wala hakunji uso. Mgeni asiyejua anaweza kumpita akidhani ni malkia fulani, mpaka atazame chini aone pembe.

Wa pili yuko katikati ya mapigano. Ana mikono 8, 10 au hata 18, mkuki umezama kwenye nyati, simba ameuma, na Mahisha anatoka nusu mwili kupitia shingo ya mnyama. Umbo hili ni la zamani sana kwenye mawe. Ule mchongo maarufu wa karne ya 7 kwenye mwamba wa Mamallapuram, pwani ya kusini, unaonyesha hatua ya awali ya vita hivyo, Durga juu ya simba akivuta upinde na Mahisha akianza kurudi nyuma. Wabengali humpa mikono 10 na kumzungushia miungu wengine, Lakshmi, Saraswati, Ganesha na Kartikeya. Ndiye wa sikukuu ya Durga Puja ya Kolkata, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2021.

Kwa mtu anayenunua sanamu yake ya kwanza, Durga aliyesimama ana faida nyingi. Hana sehemu nyembamba nyingi za kuvunjika safarini, vumbi halipati pa kujificha, na anaonekana vizuri hata ukiwa upande wa pili wa sebule. Ila hana pa kufichia kazi mbovu. Kwa kuwa hakuna vurugu ya kuvutia macho, kasoro ya mdomo au bega huonekana papo hapo. Mgeuze. Sanamu nzuri ya kusini imekamilika mgongoni kama ilivyo mbele: nyuma ya kichwa kuna duara dogo lenye nakshi mithili ya ua, chini yake nywele zimeshuka mabegani kwa mafundo yaliyopangwa, na mkanda wa kiuno unazunguka mpaka nyuma bila kukatika. Kisha tazama vidole vya mkono ulioinuliwa. Fundi mzuri huvitenganisha, akaviweka kucha na mistari ya kiganja. Fundi wa haraka huacha kipande kimoja chenye mikwaruzo mitatu.

Durga wa vitani hununuliwa na mtu mwenye nafasi ya kumzungusha, kwa sababu hadithi yake haisomeki kutoka upande mmoja. Uliza kama silaha zinachomoka. Zikichomoka, zihesabu mbele ya muuzaji kabla hazijafungwa, maana ndizo zinazopotea. Hapa mimi huwaacha Watamil na kwenda Patan, mji ulio kando ya Kathmandu nchini Nepal, ambako mafundi wa Kinewari wana ustadi wa mikono mingi na mapambo madogomadogo ambao sijauona kwingine. Nepal yenyewe humsherehekea Durga kwa siku nyingi kwenye sikukuu ya Dashain, kwa hiyo fundi wa huko hamchongi mgeni.

Kali wawili wasiofanana

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kali anayejulikana duniani kote ni wa Bengali, aitwaye Dakshina Kali. Amesimama juu ya Shiva aliyelala chali, mguu wa kulia umetangulia. Mikono ya kushoto imeshika upanga na kichwa kilichokatwa; ya kulia inaondoa hofu na kutoa baraka. Shingoni ana shada la vichwa, ambavyo kwa kawaida husemwa ni 50, kwa idadi ya herufi za Kisanskriti, na kiunoni amevaa sketi ya mikono iliyokatwa. Hekalu lake la Dakshineswar, kando ya Kolkata, lilijengwa na tajiri mmoja mwanamke, Rani Rashmoni, likafunguliwa mwaka 1855. Kuhusu ulimi, maelezo utakayosikia sana Bengali ni kwamba aliuma ulimi kwa aibu alipogundua amemkanyaga mumewe. Utenzi wa zamani hausemi hivyo, lakini hilo halimzuii muuzaji.

Kuna jambo ambalo wauza sanamu hawalitaji: Kali huyu ni wa udongo na rangi. Kila mwaka wafinyanzi wa mtaa wa Kumartuli, Kolkata, humfinyanga kwa majani makavu na udongo, wakampaka weusi au buluu, wakatia ulimi mwekundu na macho matatu meupe. Baada ya Kali Puja, usiku wa mwezi mwandamo wa Diwali, hutoswa mtoni. Rangi ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Ukimhamishia kwenye shaba inayong'aa kama bomba la bafuni, ule weusi unaotisha umekwenda, na kinachobaki ni mwanamke wa dhahabu mwenye shughuli nyingi. Kwa hiyo ukimtaka Dakshina Kali wa metali, chagua aliyetiwa rangi ya giza, kahawia iliyokolea au nyeusi, kisha msogelee. Tazama ulimi: kwenye kazi ya bei nafuu ni kibonge kilichoshikana na kidevu, na unaona mahali tupa ilipopita. Tazama vichwa vya shingoni, viwili au vitatu tu. Kama kila kimoja kina macho na nywele, fundi alikaa na kazi yake. Kama vimekuwa punje za kunde zilizotungwa, rudisha.

Kali wa Kitamil ni mwingine kabisa. Huketi, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umeshuka kukanyaga zimwi dogo. Nywele zimesimama kuzunguka kichwa kama ndimi za moto, na pembeni mwa mdomo kuna vijino viwili vidogo ambavyo usipokaribia huvioni. Hakuna Shiva chini ya miguu, hakuna ulimi nje. Ana heshima ya zamani huko: mfalme Vijayalaya, aliyeanzisha ukoo wa Chola katika karne ya 9, alipoteka Thanjavur alimjengea hekalu mungu huyu kwa jina la Nisumbhasudani, muuaji wa zimwi Nisumbha. Watamil wanasimulia pia kwamba alishindana na Shiva kucheza ngoma huko Tiruvalangadu, hatua kwa hatua bila mshindi, mpaka Shiva akainua mguu wima juu angani. Kali akaona haya kufanya hivyo mbele za watu, akashindwa.

Kati ya hawa wawili, kwa jicho langu, wa Kitamil anafaa zaidi kwa bronzi kwa sababu alizaliwa ndani ya bronzi, hakuna alichopoteza. Lakini kama wewe au unayemnunulia ni mtu wa ibada ya Kibengali, usimpelekee wa Kitamil ukidhani jina ni lilelile. Atakushukuru kwa adabu na kumweka kabatini.

Chamunda na Pratyangira

Chamunda wa sanamu za kale ni mwanamke aliyebaki mifupa: mbavu zinahesabika, matiti yamesinyaa, tumbo limebonyea na ndani ya shimo lile kuna nge. Kiti chake ni maiti. Walio bora ni wa mawe, kutoka India ya kati na Odisha, na kwa kuwa wa metali ni wachache, fundi wa leo mara nyingi hufanya kazi kwa kutazama picha za mawe. Kwa mkusanyaji mwenye jicho, ni kipande cha ajabu. Kwa zawadi, sikushauri hata kidogo, hasa huku kwetu. Wahindu wengi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat, na Chamunda wanayemjua ni yule wa mlima wa Chotila, sura mbili za mapacha zenye macho makubwa na mavazi ya rangi. Kali wao, aitwaye Mahakali, ni wa kilele cha Pavagadh, hukohuko Gujarat. Anayekaa katikati ya ngoma za garba zile siku tisa za Navratri mara nyingi ni Amba, mpole wa uso, juu ya simba au chui milia. Ukimletea familia kama hiyo mifupa yenye nge, umewapa mtihani. Kwao Amba wa shaba ya kawaida, mdogo, anayeweza kuoshwa kila asubuhi, ni zawadi bora kuliko bronzi yoyote ya makumbusho. Na bado uliza kwanza. Zipo familia zisizoweka umbo kali nyumbani.

Pratyangira ana kichwa cha simba na mwili wa mwanamke, na juu yake mara nyingi kuna vichwa vya nyoka vilivyotanua shingo. Waja wake humwendea kwa ajili ya kujikinga na uchawi na husuda. Huko Ayyavadi, karibu na Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu, siku za mwezi mwandamo hutupiwa pilipili nyekundu kwenye moto wa ibada. Ukinunua sanamu yake, kazi yote iko shingoni, pale manyoya ya simba yanapokutana na mabega ya mwanamke. Fundi dhaifu huweka mkufu mnene hapo afiche kiungo. Fundi hodari huyaachia manyoya yashuke kidogo kidogo mpaka yageuke nywele.

Wapo pia wa Kibuddha wanaouzwa kwa majina ya Kihindu. Mwanamke wa kutisha aliyepanda nyumbu, na nyumbu ana jicho kwenye paja, ni Palden Lhamo wa Tibet, ingawa kibandiko kimeandikwa Kali. Mwenye uso wa simba anayecheza kwa mguu mmoja, kisu kilichopinda mkono mmoja na bakuli la fuvu mkono wa pili, ni Simhamukha, wala si Pratyangira. Ni sanamu nzuri. Ziko tu kwenye dini nyingine.

Karakana: Swamimalai, Patan, Moradabad

Swamimalai ni mji mdogo karibu na Kumbakonam, bonde la mto Kaveri. Fundi hutengeneza sanamu nzima kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo na mafuta, vipimo vikichukuliwa kwa ukuti wa mnazi uliokunjwa sehemu sehemu. Nta hupakwa tope laini la mto, kisha udongo mzito zaidi, ikafungwa kwa waya, ikachomwa. Nta hutiririka nje na shaba iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizotoka kwenye kalibu moja. Baada ya hapo ni kazi ya tindo na tupa kwa wiki kadhaa. Sanamu ni nzito, imejaa ndani. Utaambiwa ni panchaloha, metali tano: shaba, zinki, risasi, fedha na dhahabu. Mbili za mwisho ni chembe tu, na usikubali kuongezewa bei kwa ajili yake.

Patan hutumia njia ileile ya nta, lakini sanamu huwa wazi ndani na shaba yake ni nyekundu zaidi, kisha nyingi hupakwa dhahabu. Ni nyepesi kubeba kwenye ndege. Moradabad na Aligarh, Uttar Pradesh, ni nchi ya shaba ya manjano na kazi ya wingi. Humo utampata Amba au Durga mdogo kwa bei ya kawaida, na hakuna aibu kununua huko mradi usilipie bei ya Swamimalai. Mafundi wa dhokra, usubu wa kienyeji wa Bengali na wa Bastar katika India ya kati, wana mtindo wao wa kuzungusha nyuzi za nta juu ya kiini cha udongo. Durga wao hana uso wa kifalme, ila ana uchangamfu, na kwa nyumba isiyo ya ibada pengine ndiye ningemchukua mapema zaidi kuliko nakala ya tatu ya Chola.

Ukishuku umeletewa plastiki iliyochanganywa na unga wa shaba, pima. Jaza ndoo maji mpaka ukingoni, zamisha sanamu, kusanya yaliyomwagika. Sanamu ya bronzi iliyojaa ndani, ikimwaga lita moja, ina uzito wa kilo 8 na zaidi. Ile ya plastiki kwa kawaida haikaribii uzito huo.

Ukiambiwa ni ya kale

Ondoka. Sheria ya India ya mwaka 1972 hairuhusu mtu binafsi kusafirisha nje kitu cha kale chenye umri wa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo muuzaji anayekuambia ni ya Chola mara nyingi ama anadanganya ama anakuuzia mali ya wizi. Mfanyabiashara wa New York, Subhash Kapoor, alikamatwa Ujerumani mwaka 2011, na mwaka 2022 mahakama ya Kumbakonam ikamhukumu miaka 10 kwa kesi ya sanamu za hekalu. Nataraja mmoja, yaani Shiva anayecheza ngoma, ambaye Kapoor aliliuzia Jumba la Sanaa la Taifa la Australia kwa dola milioni 5 alirudishwa India mwaka 2014. Mwaka uliofuata Ujerumani ilirudisha Durga wa jiwe wa karne ya 10 kutoka Kashmir, aliyekuwa kwenye makumbusho ya Stuttgart. Kama majumba ya namna hiyo yamedanganyika, mimi na wewe hatuna ubavu.

Hata sanamu mpya iliyopakwa rangi ya uzee yaweza kukukwamisha uwanja wa ndege. Idara ya Akiolojia ya India hutoa cheti kuonyesha kwamba kitu si cha kale. Mwambie muuzaji akutafutie kabla hujalipa salio.

Kwa walioko Mombasa, Unguja, Tanga au Muscat, chumvi ya baharini ndiyo adui. Ukiona unga wa kijani uliopauka unaochipua kwa vidoa na ukiugusa unadondoka, ule unakula metali. Usafishe, ukaushe, upake nta nyembamba, na usogeze sanamu mbali na dirisha. Ukwaju na ndimu ni kwa shaba ya manjano ya ibada inayotakiwa kung'aa kila siku. Kali uliyemnunua kwa sababu ya weusi wake usimguse navyo, na mwambie anayekusaidia kazi za nyumbani mapema, maana siku moja atataka kukufurahisha.